Shule Inayomfungulia Mzazi Mlango

Mama mmoja wa kutoka Uvira alikuwa ameketi mbele ya naibu mkuu wa shule, kitenge amekifunga juu ya koti zito la baridi, mikono ameipakata. Katikati yao alikaa kijana wake wa miaka 15. Naibu mkuu akasema kwa Kiingereza kwamba kijana amekosa shule siku 11 tangu muhula uanze, na akiendelea hivyo atarudia gredi ya 9. Kijana akamgeukia mama yake: "Anasema naendelea vizuri, ila nijitahidi kuwahi." Mama akatabasamu, akashukuru, akamwombea yule bwana baraka. Mimi nilikuwa nimeitwa kumkalimania mzazi mwingine, nikawa nasubiri zamu kwenye kiti cha nje, mlango uko wazi. Nilisikia yote mawili.

Niliomba ruhusa kuingia, mazungumzo yakaanza upya. Ndipo ikajulikana kwamba karibu siku zote 11 kijana alikuwa hospitalini, akimkalimania bibi yake anayesafishwa damu kwa ajili ya figo. Mama alidhani karatasi anazopewa hospitalini zinafika shuleni zenyewe. Kijana naye aliogopa kwamba mama akijua masomo yanaharibika, bibi atakosa wa kumsindikiza. Sikuona mkosaji katika familia ile. Niliona mtoto aliyebebeshwa kazi ya ofisi mbili, na kila moja ya ofisi hizo ilipaswa kumtafuta mkalimani na kumlipa bila familia kutoa hata senti.

Wazazi wetu wanaohamia Marekani wakitokea Nyarugusu, Kakuma, Bujumbura au Nairobi huniuliza kila mara: shule gani ni nzuri hapa mjini kwa kijana wa sekondari? Mimi huanza na swali jingine: ukifika pale getini, nani anakupokea, na kwa lugha gani? Kijana mgeni anaweza kuwa na akili nyingi na walimu hodari, lakini kama mzazi wake amebaki nje ya shule, shule na nyumbani vinamvuta huku na huku, na yeye ndiye anayechanika. Makala haya ni kwa mzazi, mlezi, au kaka na dada mkubwa aliyeachiwa jukumu la kumwandikisha mdogo wake.

Mwalimu aliyenyang'anywa herufi moja

Shule ya sekondari iliyojengwa kuizunguka jamii yake ina historia, na historia yenyewe inatuhusu. Mwaka 1896 mtoto Leonardo Coviello, mzaliwa wa Avigliano, kusini mwa Italia, alifika New York na familia yake wakaishi East Harlem. Shuleni mwalimu aliona jina la Coviello linamsumbua kulitamka, akaiondoa herufi "i". Mtoto akarudi nyumbani na karatasi ya matokeo iliyoandikwa Covello, na nyumbani pakawa na mabishano makali. Wazazi ambao majina ya watoto wao yaligeuzwa wakati wa kuandikishwa kambini, jina la babu likawa jina la ukoo na la kanisani likapotea kabisa, wataielewa hasira ya nyumba ile.

Leonard Covello akawa mwalimu, na mwaka 1934 akawa mkuu wa Benjamin Franklin High School, sekondari mpya ya wavulana hapohapo East Harlem. Wengi walikuwa watoto wa Waitaliano. Baadaye waliongezeka wa Puerto Rico na Wamarekani Weusi. Covello alijua kwamba wazazi wa kusini mwa Italia waliiona shule kama mahali pa watu wengine, mahali panapomchukua mtoto wako asubuhi na kukurudishia jioni mtu anayekuonea haya. Akaanza kuufungua mlango. Alizungumza na wazazi kwa Kiitaliano. Shule ilichukua maduka matupu ya mtaani ikayageuza vyumba vya klabu na maktaba, ili mzazi asiyethubutu kupanda ngazi za jengo kubwa aikute shule kwenye baraza la jirani. Usiku watu wazima walisoma Kiingereza na kusaidiwa fomu za uraia. Wanafunzi walipelekwa mitaani kuhesabu nyumba mbovu na kujua nani anaishi wapi, na shule ikaingia katika madai ya makazi bora. Nyumba za umma za East River Houses zilifunguliwa mwaka 1941, na mwaka uliofuata shule ikahamia jengo lake jipya kando ya mto.

Haikuwa pepo. Mwaka 1945 wanafunzi wa Kiitaliano na wenzao Weusi walipigana, habari ikafika magazetini. Nalitaja hilo kwa sababu vijana wetu nao hukutana na ugomvi wa namna hiyo: mtoto wa Kongo anachekwa lafudhi na watoto wenye rangi kama yake, akashangaa kwa nini. Covello aliendelea kuiongoza shule ile hadi mwaka 1956. Jengo bado lipo, lina shule nyingine ndani yake.

Aina mbili utakazokutana nazo

Leo, miji inayopokea wahamiaji ina shule au programu maalumu kwa vijana waliofika karibuni, na lazima uzitofautishe kabla ya kusaini chochote.

Aina ya kwanza ni kituo cha wageni. Kijana hukaa mwaka mmoja au miwili akijifunza Kiingereza na namna ya kusoma Kimarekani, kisha huhamishiwa sekondari ya kawaida. Louisville, jimbo la Kentucky, ambako Kiswahili kinasikika madukani na makanisani, kuna Newcomer Academy ya namna hiyo.

Aina ya pili ni sekondari kamili. Kijana anaingia gredi ya 9 na anamalizia hapohapo gredi ya 12 akiwa na diploma. Mfano unaojulikana zaidi ni The International High School, iliyofunguliwa mwaka 1985 katika eneo la LaGuardia Community College, Queens, kwa ajili ya vijana walioishi Marekani muda mfupi na wenye Kiingereza kichache. Kutoka pale zikazaliwa nyingine, na tangu mwaka 2004 zina mtandao wao, Internationals Network. Oakland, California, wana yao tangu 2007. Buffalo, New York, jiji lenye familia nyingi za Kongo na Burundi, lilifungua Lafayette International mwaka 2016.

Ukiingia darasani kwenye shule hizi utaona kitu ambacho mzazi aliyesoma kwa kukaa kwenye mistari na kunakili ubaoni anaweza kukiona ni fujo. Vijana wanne au watano wamezunguka meza moja. Mmoja amefika juzi, mwingine ana miaka miwili. Mwalimu wa sayansi amewapa mayai mawili, glasi mbili za maji na chumvi, wanatakiwa waeleze kwa nini yai moja linazama na jingine linaelea. Wawili wanabishana kwa Kiswahili, mmoja anachora, mwingine anaandika sentensi ya kwanza kwa Kiingereza na mwenzake wa Yemen anamsahihisha. Mwalimu hawakatazi lugha ya nyumbani. Msingi wao ni kwamba kila mwalimu, hata wa hesabu, ni mwalimu wa lugha, na kwamba kijana akilielewa jambo kwa lugha yake, Kiingereza chake kinapata pa kushika. Kwa hiyo usimlaumu mwanao kwamba anaongea Kiswahili darasani. Muulize walikuwa wanabishana nini.

Ipi nzuri? Kwa kijana wa miaka 14, mwaka mmoja kwenye kituo cha wageni ni sawa kabisa, bado ana muda. Kwa wa miaka 17 nina wasiwasi nacho, kwa sababu kila kuhama kunaweza kumgharimu krediti, na diploma inahesabiwa kwa krediti, yaani masomo aliyomaliza na kufaulu. Swali la kuuliza ni moja, liulize mpaka lijibiwe: masomo atakayosoma hapa yanahesabiwa kwenye diploma, au ni ya matayarisho tu?

Siku ya kuandikisha

Fungua ule mfuko mweupe wa IOM mliokuja nao kwenye ndege. Familia nyingi huuweka juu ya kabati na kuusahau, kumbe ndani kuna kadi za chanjo, na mtoto anaweza kuchomwa upya sindano zote kwa sababu tu karatasi haikutolewa. Kwa kawaida shule itataka uthibitisho wa umri, wa chanjo, na wa mahali mnapoishi, kama mkataba wa nyumba au bili ya umeme. Namba ya Social Security si sharti la mtoto kusoma. Wala hali yenu ya uhamiaji: mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma ya bure kwa sababu hana vibali. Na kama nyumba imewashinda na mmejibana kwa ndugu sebuleni, sema hivyo. Ipo sheria ya tangu 1987, inaitwa McKinney-Vento, inayoitaka shule impokee mtoto asiye na makazi ya kudumu mara moja, makaratasi yafuate baadaye.

Umri ni jambo zito. Vijana wengi waliopitia kambini wameandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa hakukuwa na cheti. Shule itafuata kilichoandikwa, si unachokikumbuka. Kila jimbo lina umri wake wa mwisho wa kusoma sekondari bure. New York, kwa mfano, kijana ambaye hajapata diploma anaruhusiwa hadi mwisho wa mwaka wa shule anaotimiza miaka 21. Kwa hiyo uliza siku ileile: kwa tarehe hii, mwanangu amebakiwa na miaka mingapi? Kijana wa miaka 17 au 18 huambiwa mara nyingi na karani kwamba amekua, afadhali akafanye mtihani wa GED huko kwenye madarasa ya watu wazima. GED ni cheti halali na wapo waliofika mbali nacho. Lakini mtihani huo unahitaji kusoma na kuandika kwa kiwango cha sekondari, na kijana aliyefika miezi mitatu iliyopita akiingizwa huko mara nyingi huishia ghalani kupakia mizigo usiku. Kama sheria ya jimbo bado inamruhusu kusoma, dai nafasi yake, na ukikataliwa omba sababu kwa maandishi.

Leteni pia matokeo ya zamani. Wakongo waliosoma Nyarugusu walifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, kwa hiyo zile buletini za kila mwaka zina thamani. Waliotoka Kakuma wana matokeo ya Kenya. Omba yatafsiriwe na kuhesabiwa krediti. Nimeona kijana aliyesoma aljebra miaka miwili akirudishwa kwenye kujumlisha sehemu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza kuhusu buletini iliyokuwa chini ya godoro. Kifaransa chake, ambacho nyumbani kilionekana kimepitwa, kinaweza kuhesabiwa kama somo la lugha ya kigeni.

Kisha utapewa fomu inayouliza nyumbani mnaongea lugha gani. Baadhi ya wazazi huandika Kiingereza, wakiogopa mtoto atawekwa na "wasiojua". Andika ukweli. Jibu hilo ndilo linalomfungulia kijana mtihani wa kupima Kiingereza chake na walimu wa kumsaidia. Haki hiyo ilipiganiwa na wahamiaji waliotutangulia: familia za Kichina za San Francisco, zilizolalamika kwamba watoto wao wanakaa darasani bila kuelewa kitu, na mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ikawapa ushindi. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, ndani ya siku 30, shule hukuandikia barua kukueleza mtoto amewekwa kiwango gani. Unayo haki ya kukataa programu ya lugha, na ndiyo maana nasema usisaini karatasi yoyote ya kukataa kabla haijasomwa kwako kwa lugha yako.

Mkalimani ni haki yako

Shule inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na gharama si ya mzazi. Mtoto wako asitumike, wala mtoto wa jirani, wala mwanafunzi mwingine aliyeokotwa koridoni. Siku ya kwanza sema maneno mawili tu, "Swahili interpreter", kisha kaa kwenye kiti usubiri. Karani ana namba ya simu ya wakalimani hata kama amesahau alipoiweka.

Mkalimani wa kwenye simu anaweza kuwa Mmombasa, Mdodoma au Mlubumbashi. Kiswahili ni kimoja, lakini mama wa Fizi hasikii kila kitu kinachosemwa na mtu wa Pwani, na wa Pwani naye anapotea anapokutana na Kiswahili cha Bukavu. Kama humwelewi, sema humwelewi, aletwe mwingine. Na kama lugha yako hasa ni Kibembe, Kifuliru, Kinyamulenge au Kirundi, waambie hivyo waandike kwenye faili. Nimewakuta akina mama wengi wakiitikia "ndiyo" kwa adabu, na ile "ndiyo" ikaandikwa kuwa wamekubali.

Mahali ambapo adabu hiyo inaumiza zaidi ni kwenye kikao cha elimu maalumu. Shule ikikuita kusema kijana ana ugumu wa kujifunza, uliza kwanza: amepimwa kwa lugha gani? Kutojua Kiingereza si ulemavu. Kwa upande mwingine, kama wewe mwenyewe umeona tangu kambini kwamba mtoto hasikii vizuri, ana kifafa, au hakumbuki alichosoma jana, usifiche kwa haya. Andika barua fupi, hata kwa Kiswahili, kuomba apimwe, weka tarehe, na baki na nakala. Barua yenye tarehe inaihesabia shule siku. Maneno ya mdomo koridoni hayahesabiwi.

Siku ya kuitembelea

Nenda kabla ya kuamua, na kijana aende nawe. Mimi huangalia mambo madogo. Ofisini kuna mtu yeyote anayeinua uso mzazi mwenye kitenge anapoingia? Kwenye kuta kuna kazi za wanafunzi zenye lugha zaidi ya moja, au kuna bango moja tu la kununuliwa linalosema karibu kwa lugha 20? Wanafunzi wa mwaka jana waliofika na Kiingereza kidogo wako wapi sasa? Shule inayojua watoto wake hujibu hilo kwa mifano, isiyowajua hujibu kwa tabasamu.

Uliza walimu wanaingiaje mtaani. Oakland International wamekuwa na utaratibu wa matembezi: siku hiyo wanafunzi na wazazi ndio wanaoongoza, walimu wanafuata, wanaoneshwa msikiti, duka la vyakula, mahali vijana wanapoogopa kupita, kisha wanakaa kula pamoja. Shule yako ikiwa haina matembezi ya namna hiyo, anzisha lako. Mwalike mwalimu wa darasa kanisani siku ya kwaya, au nyumbani kwa chai na maandazi. Wengi hawaji kwa sababu hakuna aliyewaalika. Wakija, usijisumbue kukopa viti.

Ulizia pia masaa. Mzazi anayetoka kwenye kiwanda cha nyama saa tisa usiku hawezi kufika kikao cha saa tatu asubuhi akiwa na akili timamu, na shule inayosema inaijali jamii itakuwa na kikao cha Jumamosi au simu ya jioni. Ikiwa hakuna, ombeni mkiwa wazazi wanne au watano pamoja. Mmoja akiomba anaonekana ana shida; watano wakiomba wanawekwa kwenye ratiba.

Na mlinde mtoto asiache Kiswahili. Katika majimbo mengi kijana anayemaliza sekondari akiwa na lugha mbili, akazithibitisha kwa mitihani, hupewa nembo ya umilisi wa lugha kwenye diploma yake. California ilitunga sheria yake mwaka 2011, mengine yakafuata. Mtihani wa Kiswahili upo. Sharti ajue kusoma na kuandika, si kuongea tu, kwa hiyo ile nusu saa ya kumsomea bibi Biblia au Kurani kwa Kiswahili, au kumwandikia shangazi aliyebaki kambini ujumbe wenye sentensi kamili, ni masomo.

Nunua daftari moja, liwe la shule tu. Kila ukiongea na mtu wa shule andika tarehe, jina lake, mlichokubaliana. Ukinyimwa mkalimani, ukikataliwa kumwandikisha mtoto, ukizungushwa, daftari hilo ndilo utakaloenda nalo ofisi ya elimu ya wilaya, nalo huongea hata kama Kiingereza chako hakijafika. Yule mama wa Uvira analo sasa. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa mkono wake, kwa kalamu ya bluu: jina la naibu mkuu, namba ya wakalimani wa hospitali, na siku tatu za wiki ambazo bibi anasafishwa damu, kila moja ikiwa na jina la mtu mzima atakayekwenda naye.